Ukivunja Tofali, Kalibu Ipo

Mhadhara kwa vijana watengeneza programu, Dodoma, Jumamosi mchana

Mbukwenyi! (Ukumbi: Mbukwa!) Asanteni. Waliojibu kwa sauti nimewajua, ni wenyeji. Waliobaki wanatazamana wameshuka juzi na treni ya SGR. (Kicheko.) Karibuni Dodoma, kunyweni maji mengi.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuendesha mfumo wa kusimamia biashara ndani ya makontena, kwenye laptopu yako mwenyewe, kabla hujaugusa mfumo wa mteja. Nasema mifumo ile mikubwa inayofunga pamoja stoo, mauzo, manunuzi, mishahara na hesabu: Odoo, ERPNext, Dolibarr na wenzao. Nilipomwambia mama mada ya leo, aliniuliza hilo kontena nimelinunua kwa nani na nimeliweka kiwanja gani. Sikumlaumu. Mjini hapa kontena ni duka: unalitoboa dirisha, unapiga rangi, unaanza kuuza vocha na soda.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana nikianza na nadharia mtasinzia. Wali wa mchana bado haujashuka.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mteja anayenunua mahindi na alizeti, upande wa Kibaigwa. Simtaji. Mfumo wake ulikuwa Odoo, na nilimwongezea kipande changu kidogo: kila usiku mfumo unaangalia nani deni lake limepita tarehe, unamtumia meseji ya kumkumbusha kwa adabu. Kikafanya kazi vizuri, mzee akafurahi, nikalipwa. Baadaye akataka ripoti mpya ya madeni. Mimi kijana mwangalifu nikasema sitaigusa seva yake, nitajaribia nyumbani. Nikachukua bakapu, nikairudisha kwenye kontena kwenye laptopu yangu, nikawasha, nikaenda kula.

Sasa sikilizeni. Bakapu niliyochukua haikuwa ya jana. Nilikosea faili, nikachukua ya miezi minne nyuma. Ule mfumo ulilala mwezi wa tatu, ukaamka mwezi wa saba, ukatazama huku na huku ukaona kwa miezi minne hakuna mtu aliyelipa hata shilingi. Ukaanza kudai. Laptopu iko kwenye intaneti, ufunguo wa huduma ya meseji umo ndani ya hifadhidata, kila kitu kiko sawasawa. Narudi na sahani yangu ya ugali, meseji zimeshakwenda. Watu waliolipa siku nyingi wanaambiwa wanadaiwa. Mmoja wao ni baba mkwe wake mteja.

Asubuhi simu ikaingia. Hakufoka. Aliniuliza tu, kwa upole kabisa: "Kijana wangu, mimi na wewe tuna ugomvi gani?"

(Kicheko kirefu.)

Mnacheka, lakini angalieni kosa lilipo. Nilikuwa nimetumia makontena, kama nilivyofundishwa. Nilidhani kontena ni ukuta. Ni ukuta kweli, ila unatenga programu na laptopu yako: faili za huku hazichanganyiki na za kule. Njia ya kwenda intaneti iko wazi kama barabara ya Dar. Data ya mteja ikiamka mle ndani haijui kwamba iko kwako nyumbani. Inaamka ikijua iko kazini. Nitakalosema leo lote linazunguka hapo: kontena ni kitu cha kubomoa na kusimamisha upya bila huruma, data si hivyo, na fundi anayechanganya hivyo viwili ataumia.

Tuelewane kwanza kontena ni nini. Si kompyuta ndani ya kompyuta. Kompyuta pepe, ile ya kizamani, inabeba mfumo endeshi wake mzima na inakula kumbukumbu kama ng'ombe wa kiangazi. Kontena ni programu ya kawaida inayotumia kiini kilekile cha Linux, yaani moyo wa mfumo endeshi, kama programu nyingine, isipokuwa kiini kimeifungia macho: inaona faili zake tu, mtandao wake tu, na imepangiwa isile kumbukumbu zaidi ya kiasi fulani ukitaka. Wazo la kuifungia programu kwenye folda yake lilikuwepo Unix tangu 1979. Kilichotokea 2013, Docker, programu ya kutengeneza na kuendesha makontena, ilipotoka hadharani, ni kwamba kazi iliyohitaji fundi mbobezi ikawa amri moja.

Na kuna vitu viwili ambavyo kila mwaka naona vijana wanavichanganya: imeji na kontena. Nani hapa amewahi kufyatua matofali? Mikono juu. Wengi, safi. Imeji ni kalibu. Kontena ni tofali. Kalibu moja inafyatua matofali mia, na ukivunja tofali, kalibu ipo. Kwa hiyo ukiingia ndani ya kontena linaloendelea kufanya kazi ukasakinisha kitu kwa mkono, umechonga tofali moja. Kesho ukifyatua jingine, ule mchongo haumo. Ukitaka ubaki, badilisha kalibu.

Kwa nini tujisumbue hivyo? Kwa sababu ya wateja. Mteja mmoja yuko Odoo 14, mwingine 17. (Najua, ile 14 imeshazeeka. Mwambieni yeye, mimi nimechoka.) Ile 17 inataka lugha ya Python toleo la 3.10 kwenda juu, ile nyingine iliandikwa kwa Python za zamani na maktaba zake za enzi hizo. Ukizisakinisha zote mbili moja kwa moja kwenye laptopu moja, utamaliza wikendi unapatanisha maktaba zinazogombana. Kwa makontena kila mteja ana folda yake na faili moja ya maelezo, compose.yaml, inayosema: nipe hifadhidata ya toleo hili, nipe mfumo wa toleo lile, waunganishe. Unawasha, unafanya kazi, unazima. Andikeni faili hilo kwa nafasi za kawaida, msitumie kitufe cha Tab, litawagomea na halitawaambia vizuri kwa nini.

Kwa Odoo makontena yenyewe ni mawili tu: moja la PostgreSQL, ambayo ndiyo hifadhidata, na moja la Odoo. ERPNext ni ukoo. Ina hifadhidata ya MariaDB, Redis mbili za kushika data ya muda na foleni, seva ya mbele, seva ya nyuma, ya mawasiliano ya papo kwa papo, wafanyakazi wa foleni fupi na ndefu, na mpanga ratiba. Ukihesabu unafika tisa yanayokaa yamewaka. Siisemi vibaya, ni mfumo mzuri na wote ni wa chanzo huria, lakini kama laptopu yako ina gigabaiti nne za kumbukumbu, ujiandae kusubiri.

Sasa ghala. Kwa lugha ya Docker ni voliyumu, mimi nasema ghala. Tofali hatuliwekei mahindi ndani. Mahindi yanakaa ghalani, pembeni, na tofali likivunjika mahindi hayamwagiki. PostgreSQL inaandika data yake ghalani. Ukisema docker compose down, makontena yanaondolewa, ghala linabaki. Ukiongeza herufi moja mwishoni, -v, ghala nalo linakwenda. Herufi moja! Hakuna swali la "una uhakika?" Hakuna kapu la taka la kuokotea. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha aliipata amri hiyo mahali, akaiona ndefu zaidi, akadhani ndiyo ya kitaalamu. Wiki tatu za kuingiza bidhaa za duka la vipuri, moja moja, na namba zake. Nilimwona anatoka nje anaenda kukaa chini ya mti. Nilimwacha akae.

Na kwenye Odoo ghala ni mawili, hapa hata wazoefu wanateleza. Hifadhidata ina maandishi na tarakimu. Lakini picha ya risiti, mkataba uliopigwa skani, faili lolote lililoambatishwa, haliko kwenye PostgreSQL. Liko kwenye folda ya faili chini ya /var/lib/odoo, na hifadhidata inashika jina lake tu. Ukibeba hifadhidata peke yake, siku ya kurudisha utakuta orodha ya ankara imekamilika na kila kiambatisho kinakuambia hakipo. Bebeni vyote viwili, vya saa ileile.

Mada ya matoleo niipitie haraka ingawa imenipotezea usiku mwingi. Kwenye lile faili la compose.yaml msiandike "latest", yaani nipe toleo jipya kabisa. PostgreSQL hutoa toleo kubwa jipya kila mwaka, na toleo jipya halisomi folda ya data iliyoandikwa na la zamani. Ukiandika latest, siku moja unapakua upya bila kufikiri, na hifadhidata inagoma kuwaka: inakwambia faili hizi ziliandikwa na toleo la 15 na mimi siye. Data haijaharibika, usilie. Rudisha namba ya zamani, itawaka. Kisha panga kuhama kwa utaratibu, kwa kutoa data yote na kuiingiza upya. Na kuanzia imeji ya toleo la 18 hata njia ya folda ya data ndani ya kontena imehamishwa, kwa hiyo kubadilisha namba tu hakutoshi.

Kosa jingine ninaloletewa kila wiki: "Kaka, Odoo haioni hifadhidata, na hifadhidata naiona inawaka!" Nafungua, nakuta ameandika localhost. Jamani. Wewe ukiwa Kizota ukasema "hapa nyumbani", na mimi nikiwa Area D nikasema "hapa nyumbani", tunazungumzia nyumba moja? Localhost ndani ya kontena ni kontena lenyewe. Odoo inajigongea mlango wake. Ndani ya mtandao wa Compose kila huduma inaitwa kwa jina ulilolipa. Kama hifadhidata umeiita db, basi mwambie Odoo db. Na wakati mwingine jina ni sahihi ila Odoo imewahi, hifadhidata bado inanyoosha viungo. Kutaja kwenye faili kwamba moja linategemea jingine hakutoshi, hapo Docker inahakikisha kontena limeanza tu, haijali kama liko tayari kupokea wageni. Weka kipimo cha afya, kile cha pg_isready, amri inayoiuliza PostgreSQL kama iko tayari, na useme subiri mpaka kipite.

Bandari. Hatuna bahari hapa lakini bandari tunazo: ni milango yenye namba ambayo programu inapokelea wageni wa mtandao. Odoo inasikiliza 8069. Unapoandika 8069:8069, namba ya kushoto ni ya laptopu yako, ya kulia ni ya ndani ya kontena. Mteja wa pili mpe 8070 kushoto, kulia acha ilivyo. Hilo wengi mnalijua. Msilolijua ni kwamba ukiandika hivyo Docker inafungua mlango kwa kila mtandao ulioungana nao, si kwako peke yako. Umekaa mgahawani na waifai ya bure, na jirani anayekunywa chai anaweza kuufungua mfumo wa mteja wako kwa anwani yako. Neno la siri ni admin, maana ni la majaribio. Andika 127.0.0.1, anwani ya laptopu yako kwa ndani, kabla ya namba ya kushoto: 127.0.0.1:8069:8069. Na mlango wa PostgreSQL usiutoe nje kabisa. Odoo inaufikia kwa ndani.

Nirudi kwa baba mkwe.

(Kicheko.)

Kuanzia Odoo 16 kuna amri inaitwa neutralize. Kazi yake ni kuhasi hifadhidata iliyonakiliwa: inazima seva za barua pepe, inazima kazi za ratiba, inaondoa viunganishi vya malipo kwenye hali ya kweli. Ukirudisha bakapu kupitia ukurasa wa hifadhidata kuna kisanduku cha kuweka tiki. Kiwekeeni tiki. Lakini amri hiyo inajua vipande ilivyofundishwa tu. Kile kipande changu cha meseji isingekijua, kwa sababu mimi sikukiandikia. Ukitengeneza moduli, yaani kipande cha nyongeza kama kile changu, inayozungumza na dunia ya nje, weka ndani yake faili la neutralize.sql, kwenye folda ya data, linalofuta ufunguo wa huduma hiyo. Mistari miwili. Ingeniokolea mteja.

Maana fikirieni mfumo uliounganishwa na risiti za kielektroniki. Unajaribu kama VAT ya asilimia 18 inakokotolewa sawasawa, unauza magunia elfu moja ya kufikirika, na risiti inatoka kama ya kweli. Hapo utakayemweleza si mzee mpole wa Kibaigwa.

Mimi hadi leo, mara ya kwanza ninapoamsha bakapu ya mteja, nazima waifai. Ni ushamba, najua, na neutralize nimeshaiendesha. Nazima vilevile.

Na kuna jambo la sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Bakapu ya mfumo wa biashara ina majina ya watu, simu zao, madeni yao, mishahara ya wafanyakazi. Ukiibeba kwenye laptopu ambayo mdogo wako anachezea gemu, umebeba mali za watu. Kwa kazi nyingi huhitaji data ya kweli. Odoo ina data ya maonyesho, iwashe wakati wa kuunda hifadhidata. Ukihitaji ukubwa halisi, badilisha majina na namba za simu kwanza, kisha ndipo uitoe kwenye seva. Wengi hubadilisha baada ya kufika nyumbani. Hapo umeshachelewa.

Jambo la saa, nilisahau, na ni tamu. Odoo inaandika muda kwenye hifadhidata kwa saa ya dunia, UTC, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Skrini inakugeuzia kufuata mtumiaji. Lakini wewe ukiandika ripoti yako inayosoma hifadhidata moja kwa moja, hakuna anayekugeuzia. Lori limepakiwa saa saba usiku kuamkia tarehe 1 Julai. Kwenye hifadhidata hiyo ni saa nne usiku tarehe 30 Juni. Ripoti yako imelihamishia lori mwezi mwingine, na kama mteja anafunga hesabu Juni, mwaka mwingine. Kwenye majaribio hutaona, kwa sababu unajaribu mchana. Jaribu na mauzo ya usiku wa manane. Na usidhani kuweka majira ya Dar es Salaam kwenye kontena kutatibu. Utabadilisha saa ya kontena, kilichoandikwa kwenye hifadhidata kitabaki UTC.

Maswali mawili, halafu tufanye kazi.

(Dada mmoja: Kaka, mafaili haya haya naweza kuyapeleka kwenye seva ya mteja?)

Mfupa ni uleule, nguo ni tofauti. Kwako umeweka msimbo wako kwenye folda ya laptopu na kuichomeka kwenye /mnt/extra-addons ili ukibadilisha mstari uuone; kule jenga imeji yako, msimbo uwe ndani. Kwako neno la siri ni odoo, kule sivyo. Kule weka seva ya HTTPS mbele, na bakapu iende kwenye mashine nyingine, nasema mashine nyingine, si folda nyingine.

(Kaka wa nyuma: Bando langu haliwezi kupakua hizo imeji.)

Hilo ndilo swali la Dodoma! Imeji ya Odoo ni mamia ya megabaiti, na sisi hapa tuko arobaini. Hakuna haja ya kila mtu kupakua. Mmoja anapakua, anasema docker save, inakuwa faili moja. Linaingia kwenye flashi. Mwenzake anasema docker load. Basi. Intaneti haihusiki tena. Ila angalieni chipu: imeji niliyohifadhi ni ya Intel na AMD. Wenye Mac za chipu za M njooni kwangu, nina flashi yenu, ile yenye uzi mwekundu.

Flashi nyingine sita ziko mezani, ndani yake kuna Odoo 17, PostgreSQL 15 na folda yenye faili la kuanzia. Wenye Windows, nakilini folda hiyo ndani ya Linux yenyewe ya WSL, ile inayokaa ndani ya Windows, msiiache kwenye diski C, mtalalamika ni nzito na mtakuwa mmejitakia. Kazi ni hii: washa mfumo, ingiza bidhaa moja, gunia la alizeti, na bei yake. Kisha bomoa makontena yote, simamisha upya, uniite nione kama gunia lipo. Mwenye laptopu ya gigabaiti nne akae karibu na dirisha, feni yake itahitaji hewa.